Mjomba, Vyuma Havikuuzwa

Mjomba,

Shikamoo. Najua huna tena njia ya kuiitikia. Lakini hata ulipokuwa hai nilikuwa naitoa mara tatu ndipo ikufikie, kwa hiyo mimi na salamu isiyojibiwa tunajuana vizuri. Marahaba yako nimejijazia mwenyewe.

Nimekaa juu ya gurudumu lako, lile lenye ufa, nyuma ya nyumba, daftari magotini. Naanza na hilo ili usihangaike huko uliko: vyuma vipo. Vyote. Magurudumu manane ya toroli, ekseli mbili, na kile kipande cha reli ulichokuwa ukikiita Bwana Mkubwa. Walisema vitauzwa. Havikuuzwa. Vilikuwa vimeshika kutu kidogo kwa kukaa chini ya turubai, na asubuhi hii nimevisugua kwa mchanga na nyuzi za mkonge mpaka vikatulia mkononi.

Kuna jambo uliniuliza pale hospitali na sikukujibu. Nitakujibu, lakini si sasa hivi. Siku ile jibu sikuwa nalo. Nimelipata jikoni, kwenye msiba wako, na lazima nikupitishe njia yote ndipo utaliamini, maana wewe hukuwa mtu wa kuamini maneno matupu.

Kwanza nataka iandikwe mahali ulivyoanza, kwa sababu watu wameshaanza kusimulia kivyao. Mmoja anasema ulifundishwa na Wazungu, mwingine anasema uliota. Hakuna Mzungu wala ndoto. Ulitoka kwetu Handeni ukiwa kijana, ukaja huku Magoma kutafuta kazi ya mkonge, ukawekwa kwenye mashine ya kuchakata majani, na mashine hiyo ikala masikio yako kabla hujafika miaka thelathini. Mtu asiyesikia hutazama. Kila Jumapili ulitazama mpira wa wafanyakazi ukaona jambo ambalo wenye masikio yao hawakuliona. Wakata mkonge, waliokuwa mashambani kutwa wakitembea, walikuwa na pumzi isiyokwisha. Lakini mpira ukidondoka katikati ya watu wawili, anayeufikia kwanza ni mpakiaji, yule anayenyanyua mizigo ya majani na kuipandisha kwenye toroli. Na wapakiaji hawakuwa wakikimbia hata kidogo. Kazi yao ilikuwa kuchuchumaa, kushika na kusimama, kisha kungoja toroli lingine lije.

Ulikaa na jambo hilo miaka mingi. Reli zilipong'olewa na matrekta yakachukua kazi ya toroli, wenzako waliomba mabati na mbao. Wewe uliomba magurudumu. Msimamizi alicheka, akakupa, na mama hakucheka ulipoyashusha hapa nyumbani.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu kama mabua ya mtama, nacheza senta kwenye netiboli ya shule na kila mpira naufikia wa pili. Nikadhani dawa ni kukimbia, basi jioni nikawa nazunguka uwanja mpaka jua linazama. Ulinisimamisha ukaniambia, "Mwanahawa, punda naye anatembea kutwa. Chui akija, anafika wapi?"

Nilifikiri nitapewa gurudumu siku hiyohiyo. Ulinipa mchi wa mama. Miezi mitatu, Mjomba, mchi! Mchi mabegani, chuchumaa, simama. Mchi mikononi, inama kwa nyonga, simama. Mgongo ukipinda tu, ulininyang'anya mchi ukaenda kunywa chai, na mimi nikabaki nimesimama pale kama mwizi. Gurudumu la kwanza liliponifikia nililiona jepesi, nikataka la pili, ukakataa. Ulisema samaki hukunjwa angali mbichi, lakini anayekunja kwa haraka huvunja. Mara tano, kisha pumzika. Pumzika hasa, mpaka pumzi irudi, kama wapakiaji waliokuwa wakingoja toroli. Nikikuuliza nifanyeje ili chuma kinyanyuke, ulijibu neno lilelile kila siku: "Usinyanyue chuma. Isukume ardhi."

Wengine walipokuja tukawa timu, ukatuongezea kuruka kutoka barazani. Kwenye netiboli hukimbii mbali. Unachomoka hatua tatu, unadaka, unasimama papo hapo, na anayejua kuchomoka bila kujua kutua hukaa benchi na goti bovu. Ulikuwa ukilala kifudifudi kwenye vumbi, mtu mzima na koti lako, kiganja umekibandika ardhini, na sisi tunaruka mmoja mmoja mbele yako. Masikio yako hayakusikia, kiganja kilisikia. Ukihisi kishindo ulitikisa kichwa na kumuuliza mhusika kama goti hilo bado analitaka au amelichoka.

Na mawe. Hukuwa na saa ya kupimia. Ulisimama na mpira usawa wa bega, ukauachia, na msichana aliyekuwa amesimama kwenye jiwe lake alitakiwa aufikie kabla haujadunda mara ya pili. Akiuwahi, unalisogeza jiwe nyuma kiatu kimoja. Akiukosa mara tatu, unalileta mbele. Kila msichana na jiwe lake, jina limeandikwa kwa chokaa. Siku moja mwalimu mmoja akakutajia ile methali ya haraka haraka haina baraka, ukamwambia aliyeitunga hakuwahi kucheza senta.

Sasa nifike panapouma.

Unajua nina miaka sita kwa Saidi na sina mtoto. Mimba moja iliyotoka ikiwa changa, basi. Unajua pia waliyoyasema kisimani, ingawa tulijitahidi yasikufikie: kwamba vyuma vimenishusha kizazi. Kwamba mjomba wake alimfanya dume. Mama mwenyewe alikuwa akiyasema, si kwa ubaya, kwa uchungu wa mtu anayetaka mjukuu na hajui amlaumu nani. Akina mama wengine wakaanza kuwatoa mabinti zao mmoja mmoja. Mama yake Rehema, mfungaji wetu, alikuja hapa akiwa amefunga kanga kiunoni, akasema Rehema atacheza mpira lakini vyuma hatagusa, yeye hamlei binti wa kuja kuwa kama mimi. Alisema hivyo mbele yangu, Mjomba, na mimi ndiye niliyempa kiti.

Mbona wewe hawakukusema? Wewe na marehemu mkeo hamkupata mtoto, na hakuna aliyenyanyua vyuma zaidi yako. Kwako walisema Mungu hakupenda. Kwako Mungu, kwangu chuma. Nimeuliza swali hili kwa sauti mara tatu tangu ufe na bado nangoja wa kulijibu.

Lakini wakati ule sikuuliza chochote. Hapa ndipo nina toba yangu. Kifua kilipokulaza hospitali na timu ikabaki mikononi mwangu, nilivifunika vyuma kwa turubai. Niliogopa. Nilitaka akina mama wanyamaze, basi nikawapeleka wasichana kukimbia, kila asubuhi, ile barabara ya katikati ya mkonge mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Akina mama wakafurahi, wakasema sasa hayo ndiyo mazoezi ya kike. Wasichana wakapata pumzi. Na mawe yakaanza kuja mbele. Jiwe la Rehema lilikuja mbele viatu vitatu. Wewe kila nilipokuja kukutazama uliniuliza habari za mawe, na mimi nikakuonyesha kwa mkono kwamba yako palepale. Nilikudanganya ukiwa kitandani. Nisamehe.

Kisha siku ile ya mwisho. Wewe ambaye tangu mashine ikule masikio hukujua kunong'ona, hata siri ukiisema kijiji kizima kinaisikia, siku ile ulinishika mkono ukaninong'oneza: "Mwanahawa, niambie kweli. Ni mimi?"

Hukusema ni wewe uliyefanya nini. Nilijua. Nilifungua mdomo, kilio kikakaa mahali pa maneno. Na kukujibu wewe ilibidi nipige kelele, na wodi ilikuwa imejaa watu. Nikakubana mkono. Sijui ulichukua mbano ule kuwa ndiyo au kuwa siyo. Alhamisi ukafa, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea na mkono huu kama si wangu.

Ndiyo maana nakuandikia. Maandishi uliyasikia siku zote.

Basi sikiliza msiba wako ulivyokwenda. Mdogo wako, Mjomba Bakari, alikuja kutoka Handeni na watu wa kujaza lori. Tukakuzika vizuri, kwa heshima. Siku ya tatu akazunguka nyuma ya nyumba, akafunua turubai, akavifunika tena vyuma kama mtu aliyekuta mzoga. Akatoa hukumu palepale: vyombo vya marehemu havishikwi mpaka arobaini, na siku ya arobaini mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja kutoka Segera na pikapu yake. Mama akaitikia kwa kichwa. Niliona hiyo ndiyo adhabu yangu.

Watu wakaendelea kuja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wa msibani hapewi jembe, anapewa sahani. Wa Handeni walibaki, wa mashamba ya mkonge walikuja kwa zamu, na kila siku kulikuwa na wa kuchelewa kupata habari. Jiko lilizidiwa. Na unajua akina mama walifanya nini? Waliwaleta mabinti zao. Walewale. Mama yake Rehema alimshika mwanawe mkono akamleta mpaka mlangoni, akasema msaidieni, huyu ana nguvu.

Asubuhi ile Rehema na mwenzake waliambiwa waipue sufuria la ugali, lile la watu hamsini. Wakainama juu yake migongo imepinda, na mimi niliyekuwa nimesimama pale na mwiko, sina hamu ya dunia, nikajisikia nasema, "Isukumeni ardhi."

Walicheka na kulia kwa pamoja. Kisha wakapanga miguu, wakashusha nyonga, wakanyoosha mgongo, wakasimama. Sufuria likaondoka kwenye mafiga taratibu, halikuyumba hata kidogo. Nikalitazama lile sufuria. Nikatazama ndoo za lita ishirini zilizopangwa ukutani, magunia ya mahindi, kinu na michi yake minne, mzigo wa kuni ulioletwa na mtoto wa miaka kumi na mbili kichwani. Hasira iliyonipata, Mjomba, iliniamsha. Hawa ndio waliosema uzito unashusha kizazi! Binti wao anatwishwa ndoo tangu ana miaka saba, shingo inazama mabegani, njia ya mawe, kila siku ya Mungu, na hakuna anayekwenda kisimani kuuliza habari za kizazi chake. Uzito haukuwa na neno ulipokuwa wa nyumba. Ulianza kuwa haramu siku binti alipoubeba ili yeye mwenyewe awe mwepesi.

Nikasema sawa. Vyuma vilale. Jikoni hapajakatazwa.

Kuanzia siku hiyo wasichana wako walifanya mazoezi msibani kwako, siku arobaini kasoro chache, mbele ya ukoo mzima, na mwanzoni hakuna aliyejua. Ndoo mbili, moja kila mkono, kupanda ngazi ya baraza: mara tano mguu huu, mara tano ule, kisha wanakaa. Nusu gunia limekumbatiwa kifuani, chuchumaa, simama, kutoka stoo mpaka kinuni. Masufuria yanaipuliwa wawili wawili, kwa mgongo ulionyooka. Wakitoka barazani wanaruka chini na kutua kimya, nikawaambia wakubwa kwamba ni adabu kwa wafiwa. Wiki ya kwanza ndoo zilijaa nusu. Wiki ya pili zilijaa. Wiki ya tatu nikazitia mchanga, na aliyeuliza nilimwambia ni wa kusugulia masufuria. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu.

Kilicholeta ugomvi ni kule kukaa. Wanawake waliona binti amepanda ngazi mara kumi kisha amekaa kitako dakika mbili tatu, wakasema watoto wa siku hizi wavivu. Niliwajibu kwamba msibani watu hukaa. Shangazi mmoja wa Handeni aliguna, akarudi kuchagua mchele wake.

Mama alikuwa wa kwanza kugundua. Siku ya kumi na tano hivi, aliinama kuinua ndoo, mgongo ukamkamata, akabaki amejikunja. Nilikwenda nikamwambia aweke miguu hivi, ashushe nyonga, asiivute ndoo, aisukume ardhi. Alinitazama kwa jicho lile unalolijua. Akafanya. Ndoo ikaja. Akaiweka chini, akaiinua tena, akaiweka. Kisha akageuka akawatazama wasichana wakipanda ngazi, akasikia Rehema anahesabu kwa sauti ya chini, tatu, nne, tano. Kesho yake shangazi yule alipoanza tena habari za uvivu, mama alisema bila kuinua uso kwenye sinia lake, "Waacheni. Wamefika tano."

Mara mbili kwa wiki, jua likianza kupoa, nilikwenda nao nyuma ya banda la mbuzi na mpira na mawe. Wiki mbili za kwanza hakuna kilichobadilika na nikadhani nimejidanganya. Ya tatu, jiwe la Rehema likarudi nyuma kiatu kimoja. Ya tano, lilikuwa limefidia vitatu vyote nilivyompotezea na kuongeza kimoja. Nilikaa chini nikalia, wakadhani nimekukumbuka. Nilikuwa nimekukumbuka, ndiyo, lakini nilikuwa nalia kwa furaha ya kishari.

Jumamosi kabla ya arobaini kulikuwa na mashindano Korogwe mjini. Mjomba Bakari alisema matangani hakuchezwi. Nikamwambia marehemu hakufa ili mipira ipasuliwe, nikatoka kabla hajamaliza kushangaa. Mama alikuja. Alisimama pembeni ya uwanja na kanga yake nyeusi na mwavuli, hataki kiti. Mechi ya kwanza tulipewa Bungu, wale wa milimani, ambao hatukuwahi kuwafunga kwa sababu kila siku ya shule ni kupanda na kushuka Usambara. Wana mapafu yasiyochoka. Lakini Rehema hakuwa na haja ya kuwachosha. Mpira ulipokuwa ukidondoka, yeye alikuwa ameshafika. Hatua tatu, anadaka, anatua, kimya. Mlinzi wao alianza kumwangalia mwamuzi kana kwamba kuna kanuni inavunjwa. Tuliwashinda kwa tofauti ya mabao mawili. Mchana huohuo tukafungwa na timu ya Handeni, na kosa lilikuwa langu, nilichelewa kumpumzisha senta. Ungenisema sana. Nimeshajisema.

Nakuambia nilichokiona zaidi ya mabao. Mama yake Rehema alikuwepo. Baada ya Bungu alinijia akaniuliza mwanawe amepata wapi miguu ile. Nilimwambia, "Jikoni, mama. Wewe ndiye uliyemleta." Akaenda zake nalo. Jumanne iliyofuata alimtuma Rehema na kuku.

Arobaini ikafika. Kisomo kikasomwa, watu wakala, sheikh akakaa na wafiwa kugawa. Mbuzi, baiskeli, mabati, godoro. Pikapu ya Segera ilikuwa imeshasimama mbele ya nyumba, yule bwana amekaa kwenye usukani anachokoa meno. Mjomba Bakari akasema yale machuma yaondoke kwanza, yameleta aibu ya kutosha katika ukoo, na aliponitaja hakunitazama. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa siku nzima, nina maneno ya kutosha kuangusha nyumba. Mama akanivuta kanga nikakaa.

Akasema, "Mimi fungu langu ni machuma. Mbuzi chukueni."

Sheikh akamuuliza kama ana hakika, maana fungu lake lilikuwa na mbuzi wanne na godoro. Akajibu ana hakika. Mjomba Bakari akauliza mwanamke mzima atayafanyia nini. Mama alinyanyuka, akaenda kumwambia mwenye pikapu arudi Segera, na akasimama barabarani mpaka gari lilipogeuza.

Nilimfuata. Nilitaka kumshukuru. Nilimkuta huku nyuma, amesimama mbele ya turubai, na kabla sijasema kitu alisema yeye, "Ndoo nilikutwisha mimi, Mwanahawa. Ulikuwa na miaka saba. Kama ni uzito, basi ni mimi, siyo kaka yangu."

Mjomba, nilimwona mama yangu akingoja jibu kama ulivyongoja wewe. Uso uleule. Mmekuwa ndugu mpaka hapo. Safari hii sikuacha kilio kikae mahali pa maneno. Nilimwambia, si wewe mama. Si ndoo, si chuma, si mtu. Nikalisema kwa sauti kubwa, watu wa barazani wakageuka, na wageuke.

Nimemwambia Saidi tutakwenda kupima wote wawili au haendi mtu. Alizunguka, akanuna siku mbili, akakubali. Huenda nitazaa. Huenda sitazaa. Nikizaa, wasije kusema ni kwa sababu nilipumzisha vyuma, maana leo asubuhi nimemnyanyua Bwana Mkubwa mara tano. Nisipozaa, nitakuwa mwanamke asiye na mtoto anayefika kwenye mpira kwanza, na atakayeona hilo ni upungufu aje tusimame naye kwenye mawe.

Wasichana tisa wamerudi. Wawili mama zao bado hawataki, na mimi siwabembelezi. Wapya wanne wako kwenye mchi, wananichukia. Jiwe la Rehema limepita banda la mbuzi.

Sasa jibu lako. Uliniuliza, ni wewe? Si wewe, Mjomba. Ulichonifanya ni kunipa miguu yangu mwenyewe, nami sijaijutia hata siku moja. Mbano ule wa mkono ulikuwa siyo. Kama uliuchukua vingine, ufute, uandike hili.

Nakuahidi jambo moja tu, na ni lile unaloweza kulihakikisha mwenyewe. Leo jioni wataruka kutoka barazani, na mimi nitalala kifudifudi kwenye vumbi kama ulivyolala, kiganja ardhini. Wewe uko huko chini, karibu zaidi kuliko mimi. Ukihisi kishindo, ujue nimeshindwa kufundisha. Usipohisi kitu, tupo, tunaendelea. Pumzika mpaka pumzi irudi.

Mpwa wako,
Mwanahawa